Bafle za Mtu Aliye Safarini

Kwetu Kisangani, mtu akiwa hai vyombo vyake vya kazi haviuzwi. Hata awe mgonjwa wa kulala mwaka mzima, shoka lake linabaki nyuma ya mlango na cherehani yake inafunikwa kitambaa. Siku ndugu wanapoleta mnunuzi kuliangalia shoka, majirani wanaanza kutoa pole. Nasema hili mapema ili mnielewe vizuri nilivyomrukia shemeji yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, mfanyakazi wa serikali, nikamwambia mbele ya watu kwamba akigusa bafle za mume wangu nitamkata mkono.

Bafle ni masanduku ya spika. Mume wangu alikuwa nayo mawili, makubwa, yaliyofika mjini yakiwa tayari yametumika huko Ulaya. Kila moja lilikuwa na spika mbili za besi ndani, na juu yake tarumbeta ndogo ya sauti nyembamba. Ukiongeza ampli, ile mashine ya kukuza sauti, na mikrofoni, hiyo ndiyo tuliita sono, na sono ndiyo ilitulisha: ndoa, matanga, maulidi, sikukuu za parokia. Nilipoolewa nilidhani naolewa na mtu. Kumbe naolewa na mtu pamoja na masanduku mawili, na masanduku yalikuwa yamenitangulia chumbani.

Basi, alipanda boti kwenda Kinshasa kutafuta spika za akiba. "Narudia na boti hii hii," alisema. Nikamfungia chikwange, mkate wetu wa muhogo, na samaki wa moshi, nikamsindikiza bandarini, nikarudi nyumbani kufua. Kabla boti haijarudi, uasi ukaingia mjini. Wakaja wakubwa wapya na bunduki zao, na mto ukafungwa: sisi huku juu kwa waasi, Kinshasa kule chini kwa serikali, na katikati mstari wa vita ambao hakuna boti iliyothubutu kuupita. Mara moja tu mwanamke mmoja, mfanyabiashara aliyezunguka kupitia nchi za jirani, alituambia amemwona mume wangu sokoni Kinshasa akitengeneza redio. Baada ya hapo, kimya.

Mimi kazi niliijua. Msidhani nilifundishwa kwa upole. Mume wangu alinifundisha kwa sababu alihitaji mkono wa tatu: shika taa, shika waya, ah non, si hapo, hapo! Na nikiwa na mdomo kama wangu, nilikuwa namuuliza kila kitu mpaka achoke na kunijibu. Jambo la kwanza alilonijibu ni om. Kila spika ina ugumu wake wa kupitisha umeme, na ugumu huo unahesabiwa kwa om. Spika zetu zilikuwa za om nane. Ukiziunganisha mbili ubavu kwa ubavu, umeme unapata njia mbili, ugumu unashuka mpaka nne, na nne ndiyo mwisho wa nguvu za kila tundu la ampli yetu, bafle moja tundu moja. Ukishuka chini ya nne, ampli inamwaga umeme bila kiasi, inachemka, inanuka, inakufa. Ni kama sufuria ya pondu, kisamvu chetu: ukifungua milango yote wageni waingie, sufuria inakwisha kabla mwenye nyumba hajala.

Halafu majeshi mawili ya wageni, yaliyokuwa yamekuja kwetu kama marafiki, yakagombana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wetu. Sitaki kuyasimulia mengi. Tulilala sakafuni na watoto chini ya kitanda, na nilisukuma bafle moja ikakaa kati yao na ukuta wa barabarani. Kipande cha bomu kilitoboa ukuta, kikaingia ndani ya bafle ile, kikazipasua spika zote mbili za besi, kikakwama kwenye ubao wa nyuma. Watoto hawakupata hata mkwaruzo. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaipapasa bafle kama mtu anavyompapasa ng'ombe.

Bunduki ziliponyamaza, shemeji akaja. Alikuja na mchuuzi, mmoja wa wale waliokuwa wakisafirisha vitu kwa ndege kwenda Goma. Mchuuzi akaanza kuizunguka bafle isiyotobolewa, akiigonga kwa vidole, akiitazama mgongoni.

"Semeki," shemeji akaniambia, maana kwetu ndivyo tunavyoitana shemeji kwa shemeji, "bon, tuseme kweli. Bafle moja imekufa. Mwenyewe hatujue kama iko wapi. Na miye mutoto anaolewa, mushahara hatuone. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Lake liko," nikamjibu. "Iko mu chumba yangu, na miye niko naiangalia."

"Semeki, usilete kelele mbele ya mugeni."

Hapo ndipo nikasema lile neno la mkono. Mchuuzi alikuwa mtu wa akili. Alichukua kofia yake, akasema atarudi familia ikishasikilizana, akaondoka.

Familia ikakaa. Nisimtukane shemeji yangu bure, hakuwa mtu mbaya. Alimlea mume wangu tangu baba yao alipofariki, na nilishamkuta mara moja nyuma ya nyumba yake analia peke yake kama mtoto. Alikwisha kumlilia mdogo wake moyoni, ndiyo maana aliweza kumleta mchuuzi. Alisema maneno mengi siku ile, ya akili yote, donc hivi, donc vile, mpaka mama mkwe wangu, aliyekuwa pembeni akichambua mchele, akainua kichwa.

"Muuze," akasema. "Lakini mukiuza, muninunulie na nguo nyeusi. Sitaki kuambiwa na muchuuzi kama mutoto yangu alikufa."

Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingiza mguu. Nikamwambia shemeji: ndoa ya binti yako iko karibu. Niachie niitengeneze bafle. Sono hii itapiga ndoa ile, bafle zote mbili, sauti kamili. Ikilia vizuri, neno la kuuza life na lizikwe. Ikishindwa, mwite mchuuzi wako, nami sitafungua kinywa. Shemeji akamtazama mama yake, akasema sawa. Nilitoka pale nikijivuna, na nilipofika nyumbani ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimemweka mume wangu mezani kama karata.

Kesho yake nikaenda sokoni. Muuzaji mmoja mwenye mdomo mtamu alinitolea spika mbili zinang'aa, mpya kabisa, bado zina karatasi.

"Mama, spika yako ni inchi kumi na mbili, hii ni inchi kumi na mbili. Unatafuta nini tena? Ni kama kiatu, ni namba!"

"Namba ya kiatu haiseme kama kiatu ni ya kuume ao ya kushoto," nikamwambia. Nikatoa testa ya mume wangu, kile kipimo cha om chenye mshale, nikaigusisha. Mshale ukasimama kwenye tatu na kitu. "Hizi ni za motokaa, papa. Om nne."

"Alors, si ndiyo muzuri? Nne ni kidogo, haitachokesha ampli!"

Watu wengi mjini walidhani hivyo, ndiyo maana mji mzima ulikuwa umejaa ampli zilizokufa. Nne mbili ubavu kwa ubavu ni mbili, na mbili ni moshi. Nilifikiria kuziunganisha moja nyuma ya nyingine, zipande mpaka nane; ampli ingepona, lakini bafle moja ingepiga kelele na ya pili ingenong'ona, na nusu ya waalikwa wangekaa wakidhani wako kwenye matanga. Nikamrudishia spika zake. Alinifuata na maneno matamu mpaka mwisho wa soko.

Ilibaki njia moja, na hiyo sikuipenda. Ng'ambo ya mto, Lubunga, karibu na stesheni ambako treni ya Ubundu inaanzia, aliishi fundi mzee wa familia za kale za Waislamu, wale waliofika na biashara tangu enzi za mababu. Naye alikuwa na sono yake. Na alikuwa adui wa mume wangu, adui wa kazi. Zamani waliitwa wote wawili waunganishe sono zao kwenye sherehe moja kubwa ya mji, na siku ile sauti nzito ilipotea kabisa; muziki ulilia kama mbu ndani ya kopo. Mume wangu akasema spika za Lubunga hazina tumbo. Mzee akasema fundi wa Makiso, upande wetu wa mto, hana masikio. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, hata wakikutana mlangoni mwa duka wanatazama dari.

Nikavuka na pirogi, yaani mtumbwi, spika iliyopasuka nimeipakata ndani ya beseni. Nilimkuta mzee barazani kwake, kofia nyeupe kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. Nilipiga magoti kidogo nikamsalimu. Aliitazama spika kwanza, kisha mimi.

"Weye ni bibi ya ule mutu ya Makiso."

"Ndiyo, papa."

"Aliyesema spika zangu hazina tumbo."

"Ndiyo, papa." Ningekana vipi?

"Na leo umevuka mto kutafuta nini?"

"Tumbo, papa."

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akaniita ndani, akaniambia mkewe aniletee chai, akanionyesha ukuta. Ampli yake ilikuwa imeungua wakati wa mapigano, umeme uliporuka, na tangu hapo alikuwa amezitoa spika zake zote kwenye masanduku na kuzitundika kwenye misumari zisiliwe na mchwa. Akaniambia nichague mwenyewe.

Nikapima moja moja. Nyingine zilisoma kumi na mbili: hizo ni za om kumi na sita, za sinema ya zamani ya Wabelgiji, nikaziacha. Nyingine zilisoma sita, nikazishusha chini. Testa ikisema sita, spika ni ya nane, kwa maana testa inapima waya ukiwa umelala. Muziki ukipita waya unaamka na ugumu wake unaongezeka. Asiyejua hili anatupa spika nzima akidhani imeoza. Mzee alikuwa ananitazama, akinywa chai.

"Bon," akasema. "Om unajua. Sasa funga macho."

Nikafunga. Akaanza kuzigonga spika za nane kwa kidole, katikati, polepole. Moja ilisema "to". Nyingine ikasema "du". Nyingine "to" tena. Akaniuliza zipi ni ndugu. Kwa maana om sawa hazitoshi: spika yenye ngozi ngumu na spika yenye ngozi laini, ukiziweka sanduku moja, moja itakimbia na nyingine itaburutwa. Nilisikiliza mpaka nikapata mbili zilizosema "du" kwa sauti moja. Nikafungua macho. Alikuwa anatabasamu.

"Wallahi, hizo ni mapacha. Zilinunuliwa siku moja."

Moja ilikuwa na ufa kwenye ukingo. Mzee aliufunika na kitambaa chembamba, akapaka utomvu wa hevea, mti wa mpira, alioletewa na watu wa shamba la zamani la Wazungu, unaovutika kama mpira wenyewe ukikauka. Nilimuuliza anataka nini kwa spika zake. Akatikisa kichwa.

"Sitaki kitu. Siku ya ndoa nitavuka. Tangu ampli yangu ilikufa sijasikia spika zangu zikiimba, na masikio yangu yanazeeka. Nataka kusikia. Na siku mume yako atarudi, umwambie: tumbo ilitoka Lubunga."

Siku atarudi, alisema. Hakusema kama. Ilikuwa zamani sana tangu mtu wa nje ya nyumba yangu aseme hivyo, na nilitamani kumkumbatia mzee wa watu, lakini mkewe alikuwa pale.

Kabla sijaondoka alinifungia nyaya kwenye spika zote mbili. Wakati ule nyaya nyekundu na nyeusi zilikuwa zimekwisha mjini. Mafundi wote tulitumia nyaya za simu za zamani, zote rangi moja ya kijivu, na ili kutofautisha upande na upande tulipiga fundo kwenye waya mmoja. Mzee alipiga mafundo yake vizuri, madogo, yamekaza. Nikayaangalia, moyo ukatulia.

Kuzifunga ndani ya bafle kulinitoa jasho. Matundu ya skrubu hayakukutana na yetu, na midomo ya spika za mzee ilikuwa mipana kidogo. Nilichonga mbao kwa tupa ya mume wangu, nikakata pete ya ubao mwembamba wa triplai, nikaweka mpira wa tairi la ndani la baiskeli ili hewa isivuje. Nikaunganisha ubavu kwa ubavu, fundo na fundo. Testa ikasoma tatu na kitu, yaani om nne kamili. Nikapiga kelele peke yangu chumbani.

Nilijaribu bafle moja, kisha nyingine, kwa sauti ya chini. Zote mbili kwa pamoja na kwa nguvu sikuthubutu, kwa sababu muziki mkubwa siku zile uliita wanajeshi, na mwanajeshi akija kuuliza sherehe ni ya nani, anakaa mpaka pombe imalizike. Kila moja peke yake iliimba vizuri ajabu. Sahani zilitetemeka kabatini. Mama mkwe alikuja, akaweka kiganja juu ya sanduku lililotengenezwa, akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha.

Siku ya ndoa, bafle zilikwenda kwa toleka, baiskeli mbili, kila moja na dereva wake akisukuma na kutukana mashimo. Uwanja wa shemeji ulikuwa umejaa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na ilitishia tena, basi nikaweka bafle zote mbili pamoja, ubavu kwa ubavu, chini ya turubai. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwepo, asante Mungu. Mzee wa Lubunga alikuwa amevuka kama alivyosema, amevaa kanzu safi, amekaa mstari wa mbele na mikono juu ya magoti. Na yule mchuuzi, ee, naye alikuwepo. Shemeji alikuwa amemwalika. Alikuwa anakula kuku.

Bibi harusi akatokea mlangoni na mashangazi wake wanapiga vigelegele. Nikapandisha sauti.

Mbu ndani ya kopo.

Nilisikia tarumbeta za juu zinalia, mwimbaji anaimba, gitaa linachekacheka, na chini yake hakuna kitu. Besi haipo. Imekwenda wapi? Nilipandisha, ikazidi kuwa mbaya. Jasho likanitoka mpaka machoni. Nilizima bafle moja: ile iliyobaki ikaunguruma vizuri kabisa. Nikaizima hiyo, nikawasha nyingine: vilevile, tumbo kamili. Nikawasha zote mbili: mbu. Wageni wakaanza kutazamana. Kijana wa upande wa bwana harusi akasema hii ni sono ao ni redio ya bibi yangu, watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Aliangalia chini, na nilimwona mchuuzi ameweka mfupa wa kuku sahanini na kujipangusa mikono. Nilifikiri: nimemuua. Kwa mikono yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimemuua mume wangu mbele ya mama yake.

Mzee wa Lubunga alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Ni ile kitu," akasema. "Ni ile kitu ya siku ile, na mume yako."

Basi si spika, nikajiambia. Spika hizi nimezisikia. Kama moja peke yake inaimba na mbili haziimbi, basi mbili zinagombana. Nikaita: "Pile! Nipeni pile ya tochi!" Mama mkwe akafungua tochi yake palepale, akanirushia betri. Nikazima ampli, nikachomoa nyaya. Nikaanza na bafle ya mume wangu isiyotobolewa: upande wa plus wa betri kwenye waya wenye fundo. Ngozi za spika zikaruka mbele, kwangu. Nikaenda kwenye ile niliyoitengeneza, betri vilevile, fundo vilevile. Ngozi zikarudi nyuma, ndani.

Nikageuka. "Papa, kwenu Lubunga, fundo ni nini?"

"Fundo ni masi," akasema, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Waya ya udongo. Stesheni walitufundisha hivyo: ile inaenda udongoni, unaifunga."

"Kwetu fundo ni plus. Mume yangu anafunga waya ya moto, ili kidole kijue kinaogopa nini."

Nilikuwa nimeunganisha fundo na fundo, yaani moto wa mmoja na udongo wa mwingine. Spika za bafle moja zilikuwa zinasukuma hewa mbele wakati za bafle ya pili zinaivuta nyuma. Sauti nyembamba inapona kwa sababu ni nyepesi, inapita popote, lakini besi ilikuwa inaliwa njiani kabla haijafika kwa mtu. Na siku ile ya zamani, kwenye sherehe ya mji, ilikuwa hivyohivyo. Hakuna aliyekosa tumbo, hakuna aliyekosa masikio. Mto mmoja, kingo mbili, na kila ukingo na fundo lake.

Mzee alikaa chini, palepale kwenye udongo na kanzu yake safi, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka. "Miaka yote ile!" akawa anasema. "Miaka yote ile hatukusalimiana!"

Sikuwa na nafasi ya kucheka. Niligeuza nyaya za bafle moja, fundo likaenda mahali pasipo fundo, nikaomba Mungu, nikapandisha sauti.

Ilikuja kutoka ardhini. Niliisikia kwanza kwenye nyayo, kisha tumboni, na turubai lote likatingishika likamwaga maji ya mvua ya asubuhi juu ya kijana yule aliyenitania. Uwanja ukalipuka. Bibi harusi alisahau mwendo wa pole aliofundishwa wiki nzima, akaingia akicheza. Mzee wa Lubunga alifumba macho na kubaki hivyo, kidole kikigonga goti. Mimi nilikuwa nimeshika ampli kwa mikono miwili, nalia kwa sauti, na hakuna aliyenisikia.

Katika sherehe zetu, kabla ya chakula, mkubwa wa familia anachukua mikrofoni na kumshukuru mwenye sono mbele ya watu. Shemeji akaja. Nikampa mikrofoni bila kumtazama. Alimtazama mama yake, halafu mchuuzi.

"Sono hii iko ya mudogo yangu," akasema. "Mwenyewe iko safari. Mutu asiniulize tena bei."

Akanirudishia mikrofoni haraka na kwenda kukaa. Mama mkwe alipiga kigelegele kimoja, kirefu, cha mwanamke kijana. Mchuuzi akaomba paja lingine la kuku. Nami nikamwambia mpishi ampe, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimewasamehe watu wote.

Sikuwa na likizo baada ya hapo. Ndoa ile iliniletea ndoa nyingine, ubatizo, maulidi, na mzee akawa anavuka mto kila sherehe kubwa. Tulikubaliana fundo ni plus, alikubali kwa shingo upande, akasema ni kwa heshima ya mgonjwa wa masikio aliye Kinshasa. Nikajifunza kusuka upya koili zilizoungua, juu ya karatasi za picha za eksirei za hospitali. Nilipata jina mjini. Watu waliacha kusema sono ya bwana fulani, wakasema sono ya mama.

Halafu wakubwa wakapatana, mto ukafunguliwa. Boti za kwanza zilipokuja kutoka Kinshasa, mji mzima ulikwenda bandarini. Nilikwenda mara ya kwanza, nikaenda ya pili, nikapokea waume wa wengine, nikarudi na miguu ya vumbi. Nikasema sitakwenda tena, nina kazi.

Alinikuta chumbani, nimepiga magoti nyuma ya bafle, nafunga nyaya kwa safari. Nilisikia mtu amesimama mlangoni, nikadhani ni dereva wa toleka, nikamwambia angoje. Nikainua kichwa. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi, mfuko mmoja mkononi. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama bafle, moja, kisha ya pili. Mfuko ukamdondoka. Akaja akakaa juu ya sanduku, akaweka viganja vyake viwili juu ya mbao.

"Tulishuka na mwenzangu mushonaji," akasema. "Tulipitia kwake kwanza. Cherehani haiko. Waliuza. Alisimama tu pale mulangoni, hakuingia. Nikaogopa, mama. Nilikuja pole pole, nilikuwa naogopa kufika."

Nilimshika. Nililia machozi yote niliyokuwa nimeyabana tangu mto ufungwe, nikampiga mgongoni kwa ngumi, nikamshika tena. Nje dereva wa toleka akapiga kengele, mara moja, mara mbili.

"Papa," nikamwambia, nikijifuta kwa kitenge, "toka juu ya bafle. Niko na ndoa saa kumi."

Akainuka, akashika upande mmoja, nikashika wa pili, tukaitoa nje.